Wimbo Unaotaja Jina

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika



Kamati ya maadhimisho ilinipa kichwa cha mazungumzo kisemacho “Muziki ni Chombo cha Amani”. Naishukuru kamati kwa heshima hiyo, lakini naomba radhi mapema, kwa kuwa sikubaliani na kichwa hicho chote. Chombo hubeba kile kilichotiwa ndani yake. Kibuyu kilekile kinachobeba maziwa kinaweza kubeba sumu, na mwenye kiu hajui mpaka amekunywa.

Tufungue Samweli wa Kwanza. Katika sura ya 16 kijana Daudi anapiga kinubi, na Sauli anapata nafuu. Sisi wachungaji tunaipenda mno sura hiyo siku tunapoweka wakfu vinanda na vipaza sauti. Lakini tusiishie hapo. Sura mbili mbele wanawake wanatoka mijini na matari, wakiimba wimbo wa ushindi unaomhesabia Sauli maelfu na Daudi makumi elfu. Na tangu siku hiyo Sauli anamtazama Daudi kwa jicho baya. Kesho yake Daudi anapiga kinubi kama desturi yake, na mkononi mwa Sauli mna mkuki. Mpigaji ni yuleyule na kinubi ni kilekile. Kilichobadilika ni wimbo ulioimbwa barabarani jana yake.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Israeli. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Walikuwamo waliokuwa wakikikimbia kifo, na walikuwamo waliokuwa wamekisababisha. Huko walikotoka, redio ilikuwa ikipiga nyimbo za Simon Bikindi, mtunzi aliyependwa sana Rwanda. Desemba 2008, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, hapa kwetu Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Kwa haki niseme kwamba alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti, si kwa kutunga nyimbo. Lakini majaji waliona kwamba nyimbo zake zilitumika katika kazi ya kueneza chuki. Nimezisikiliza. Ni muziki mzuri sana, umepangwa kwa ustadi, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Basi swali langu leo si kama muziki unaweza kuponya jamii. Nauliza ni wimbo wa namna gani unaoponya, na ni nani anayeuimba. Jibu langu sikulipata darasani Makumira, ingawa walimu wangu wa pale nawaheshimu. Nililipata kwa aibu, katika usharika mmoja wa kijijini mkoani Shinyanga, ambao sitautaja.

Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990 ilivyokuwa Usukumani. Bibi kizee mwenye macho mekundu alikuwa mtu wa kuogopwa. Lakini macho yale yaliwekwa wekundu na moshi. Miti ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kuwaangamiza mbung’o na kupanua mashamba ya pamba, hata Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986 ili kuirudisha. Mwanamke asiye na kuni alipika kwa mavi makavu ya ng’ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka arobaini, miaka hamsini. Kisha mtoto anafariki kwa malaria nyumba ya pili, mganga anapiga ramli, na macho yale yanakuwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya ramli palikuwa na shamba, au ng’ombe wa marehemu mume wake.

Kwaya yetu ilikuwa na wimbo wa amani. Mwaka 1998 ulishinda mashindano ya kwaya ya jimbo. Ulisema tupendane, tuache mabaya, Tanzania ni kisiwa cha amani. Sauti ya nne ilikuwa ikiingia taratibu kama ngurumo ya mbali. Niliupigia makofi pamoja na wengine, na cheti tukakitundika ofisini.

Wiki chache baadaye alikuja kwangu mama mmoja mzee, mjane, mshiriki aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Nilimwita mayu, kama ilivyo kwetu. Yeye alikuwa mkubwa kuliko mama yangu, lakini aliniita baba. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka. Akaniambia, “Baba mchungaji, benchi lile la nyuma linakaa watu watano. Mimi nakaa peke yangu tangu Kwaresima.” Nikamwuliza kama ametukanwa na mtu. Akasema hapana, hakuna aliyemtukana; wanapofika mlangoni wanatazama alipo, kisha wanakwenda upande wa pili. Aliniambia pia kuhusu karatasi iliyoachwa mlangoni kwake usiku. Hakujua kusoma. Alimpa mjukuu amsomee, na mjukuu akalia.

Niliomba naye. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya upendo, hubiri la jumla kabisa, na kwaya ikaimba wimbo wake wa cheti. Kila mmoja wetu aliondoka akidhani kwamba wimbo ule ulimhusu mwingine. Mwenyekiti wa kijiji sikumwendea. Niliona kwamba nitamwaibisha mama yule. Leo najua niliogopa.

Aliuawa kwa panga siku kumi na moja baadaye.

Kwaya ilijipanga kuimba kaburini, na wimbo waliouchagua ni uleule. Mwalimu wa kwaya, kijana aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, akashusha mikono kabla ya kuanza. Akaniambia kwa sauti ndogo, mbele ya watu, “Mchungaji, wimbo huu hauwezi kuimbwa hapa. Haumjui huyu mama.” Tukazika bila kwaya. Nilikasirika siku ile, na hasira yangu ilidumu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Hapa nitoke kidogo nje ya kisa, kwa sababu mwalimu yule, pengine bila kujua, alikuwa Mlutheri kuliko mchungaji wake. Tunasema sana kwamba Martin Luther aliupa muziki nafasi ya pili baada ya theolojia, na ni kweli. Alimwandikia hivyo mtunzi Ludwig Senfl mwaka 1530. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kutungwa na Luther haukuwa wa sifa wala wa Krismasi. Mnamo Julai 1, 1523, watawa wawili vijana wa shirika lake mwenyewe, Hendrik Vos na Johann van den Esschen, walichomwa moto Brussels kwa sababu ya Injili. Luther akatunga wimbo mrefu wa habari, wa aina iliyokuwa ikiimbwa sokoni, akisimulia jinsi walivyokamatwa, walivyohojiwa na walivyokufa, na akaupinga uongo kwamba walikana imani yao dakika ya mwisho. Nyimbo za Kilutheri zilianza kwa kueleza nani ameuawa, wapi na kwa nini.

Nanyi mliozaliwa Usukumani, je, hayo si yetu pia? Babu zetu walikuwa na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili mahiri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ufundi wao. Baada ya mavuno pande mbili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu wengi upande wake. Humo manju huimba habari za mwaka mzima. Aliyekula fedha ya ushirika wa pamba humsikia manju akilitaja jina lake. Mtemi aliyepotoka naye hakusazwa. Upinzani ni mkali, matusi ni ya kutosha, lakini hukumu inatolewa na miguu ya watazamaji, wala haitolewi kwa mkuki. Kanisa letu liliikataa mbina kwa sababu ya dawa zilizofungamana nayo, na sikatai kwamba dawa zilikuwapo. Lakini pamoja na dawa tulitupa pia ule ujasiri wa wimbo wa kumwambia mtu ukweli akiwa amesimama mbele yako. Wenzetu Wakatoliki pale Bujora, karibu na Kisesa, walikwenda njia nyingine tangu miaka ya 1950. Padre David Clement aliingiza ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, na Bulabo inachezwa mpaka leo. Sisemi tuige kila kitu. Nasema wao waliuliza swali ambalo sisi tulilikimbia.

Narudi kwa mwalimu wa kwaya. Babu yake alikuwa manju wa Bagalu, mzee ambaye hakuwahi kuingia kanisani. Kijana alikaa kwake likizo nzima ya Juni. Aliporudi alikuwa na wimbo wa Kisukuma wenye beti sita. Ulianza kwa kusalimu, ukataja kijiji, ukataja jina la mama yule na la baba yake, ukaeleza mavi ya ng’ombe na moshi, ukaeleza karatasi ya mlangoni. Ubeti wa tatu ulikuwa wa benchi. Uliuliza nani alikaa upande wa pili.

Baraza la wazee lilikutana mara mbili. Hoja ya kwanza ilikuwa sauti ya wimbo, kwamba ni ya mbina. Hiyo niliijibu kwa urahisi. Hoja ya pili ilikuwa ubeti wa benchi. Na hapo, wapendwa, mimi ndiye niliyesema uondolewe. Nilisema utawakwaza washiriki. Mzee mmoja wa kanisa, mtu asiyesema sana, akauliza, “Utamkwaza nani, mchungaji, ikiwa hakuna aliyemkimbia?” Tukanyamaza wote. Ubeti ukabaki.

Haukuimbwa kanisani kwanza. Uliimbwa gulioni, siku ya mnada wa ng’ombe, bila sare, wanakwaya kumi na wanne na ngoma mbili. Watu walisogea kwa sababu ya sauti waliyoifahamu, kisha wakasikia maneno. Wengine waliondoka mara jina lilipotajwa. Familia mbili zilihama usharika wetu. Kesi ya mauaji haikufika popote, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani wimbo ulifanya kazi ya polisi. Lakini jioni ile mwanamume mmoja alikuja nyumbani kwangu kupitia nyuma, akakaa gizani bila kutaka taa iwashwe, akasema kwamba mama yake mkubwa naye amewekewa karatasi, na kwamba anamjua aliyeiandika kwa kuwa ni ndugu yake wa tumbo moja. Safari hii nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji usiku uleule, kwa miguu. Mama yule alikufa mwaka 2009 kitandani kwake, kwa uzee.

Kwaya ilijiwekea utaratibu ambao haukutoka kwangu: wasichana wawili wa sauti ya kwanza walikaa na kila bibi kwenye benchi lake, na walipotakiwa kuimba walitokea hapo hapo. Wimbo ulirekodiwa kwenye kanda. Fedha zilizopatikana hazikununua sare, ingawa wengine walinung’unika. Zilijenga majiko banifu ya udongo yenye bomba la kutolea moshi, nyumba kwa nyumba, tukianza na wajane. Nilijifunza pale kwamba huruma yenye jiko inaaminika zaidi ya huruma yenye cheti.

Mwaka 2006 nilihamishiwa ukanda wa dhahabu, upande wa Geita, nikidhani nimeshajifunza. Mgodi mkubwa ulikuwa umeanza uzalishaji mwaka 2000, na pembeni yake kulikuwa na wachimbaji wadogo kwa maelfu, maduara yao, makarasha yao, na waganga wao wa ndagu. Mwaka uliofuata habari za mauaji ya watu wenye ualbino zikaanza kusikika, Mwanza, Shinyanga, kisha kila upande wa Ziwa. Waganga waliwadanganya watafutaji wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vya binadamu mwenzao vitawapa bahati. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza, watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyang’anywa mikononi mwa mama yake wilayani Chato. Na msidhani hayo yamepita: Mei 2024 ilikuwa Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu.

Kwaya zetu zilitunga nyimbo nyingi miaka ile, na safari hii zilitaja mambo waziwazi. Nilijivunia. Tulikwenda na kwaya Buhangija, Manispaa ya Shinyanga, ambako watoto wenye ualbino walikusanywa kwa ajili ya usalama wao. Tulipeleka sabuni, sukari na mafuta ya kukinga jua. Tuliimba nyimbo tatu, tukapiga picha, tukarudi. Jumapili iliyofuata mama mmoja wa usharika wangu, ambaye mwanawe ana ualbino, alinisubiri nje ya ibada. Hakuwa na hasira. Alisema, “Baba mchungaji, kila wiki mnamwimbia huyu kama marehemu. Ana sauti. Mbona hamjamwuliza kama anaimba?”

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Mtoto wa miaka kumi na miwili akisimama mbele ya watu mia tatu, watu mia tatu wanajua anakaa wapi. Tulikaa na baba yake, na balozi wa nyumba kumi, tukakubaliana: ataimba ibada ya asubuhi tu, na wanaume sita wa kwaya watamsindikiza kwenda na kurudi, kila Jumapili, bila kukosa. Walifanya hivyo miaka minne. Wimbo wa kwanza alioimba haukuwa na neno lolote juu ya ualbino. Ulikuwa wa Pasaka, kutoka kitabu chetu cha nyimbo, na aliuanza juu mno, kwaya ikahangaika kumfuata.

Baadaye nilisoma habari za Ukerewe, nikaona kwamba mama yule alikuwa ametangulia. Shirika la Standing Voice lilikuwa likifanya kazi na watu wenye ualbino kisiwani humo, likamwalika mtayarishaji wa muziki Mmarekani, Ian Brennan. Wengi wa waliokusanyika walikuwa hawajawahi kupewa nafasi ya kuimba, hata kanisani. Naomba wanakwaya mlisikie hilo: hata kanisani. Walianza kwa sauti za kunong’ona. Walitunga wenyewe, kwa Kiswahili, Kikerewe na Kijita, juu ya upweke, juu ya baba aliyeondoka, juu ya kuitwa majina. Juni 2017 nyimbo hizo zilitolewa katika albamu, na mwaka huohuo baadhi yao waliimba Uingereza katika tamasha la WOMAD. Nimeisikiliza albamu hiyo. Ukiipima kwa vigezo vya mashindano yetu ya jimbo, ingepata alama chache sana. Sauti zinayumba, hakuna sauti ya nne. Lakini aliyeisikia hawezi kusema tena kwamba hakujua.

Nimesikia kwamba usharika huu unachangisha fedha za vyombo vipya vya kwaya kwa ajili ya karne ya pili. Vinunuliwe. Nachoomba kwa wazee ni kwamba kabla ya kwaya kwenda tena kuwaimbia wagonjwa, wafungwa au watoto wa kituo chochote, mwalimu atangulie wiki mbili kabla na kuuliza nani huko anaimba, na siku ya siku huyo awe wa kwanza. Nimeliandika pia katika barua kwa halmashauri, ili lisipotee pamoja na makofi.

Wimbo ule wa Kisukuma wa mwaka 1998 kwaya yenu imejifunza kwa ajili ya leo. Mwalimu aliyeutunga amestaafu ualimu na yuko nasi, mstari wa tatu kutoka mbele. Nilikwenda kwa wanawe wa marehemu kuomba ruhusa. Wamekubali jina la mama yao liimbwe, ila wameomba lisichapishwe. Kwa hiyo katika kitabu cha maadhimisho halitaonekana. Ubeti wa benchi umo. Mwalimu, karibu mbele, muanze.